Mgeni Asiyeshika Jembe

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa mgeni.
— Mgeni gani?
— Asiyekula, asiyelala, asiyezaa mpaka aingie kwako. Tegeni masikio, na mwenye chafya azibe pua!

Hapo zamani za kale, Kuku alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na binti mmoja tu, Tembe. Mlangoni pake walilinda Siafu.

Siku moja Kirusi akabisha hodi, amevaa kanzu nyekundu. Mdogo kuliko chembe ya vumbi! Hana mdomo, hana tumbo, hana cherehani. Ana karatasi moja tu, yenye mchoro wa kushonea Kirusi mwingine. Basi! Huo ndio utajiri wake wote.

"Nani huyu?" Siafu wakauliza.

Mzee Bata, mpangaji wa uani kwa Kuku, akafoka, "Nyamazeni! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwangu amelala mwaka mzima. Mmenisikia nikikohoa?"

Jamani! Bata huyu hakohoi, hubeba tu! Sasa hiyo ni lojiki gani? Na huyo ndiye chairman wa mtaa!

Kirusi akaingia, akaweka mchoro wake juu ya cherehani. Cherehani haina akili, hushona inachowekewa. Ikashona Kirusi, ikashona Kirusi, ikashona Kirusi. Hata siku ya tatu haijafika, nyumba imejaa, kuta zinapasuka. Jembe hakuligusa; aliyelimishwa ni Kuku, nyumbani kwake mwenyewe! Tembe akawaka homa, mabawa yakalegea, pumzi ikamkwama.

Siafu wakapandwa na hasira. Kila mwenye kanzu nyekundu wakamng'ata, wakamng'ata, wakamng'ata. Homa ikashuka. Tembe akaponea chupuchupu.

Mara ya pili Kirusi akaja na kanzu ileile. Siafu wakamfukuza mlangoni.

"Umekwisha!" Kuku akacheka.

Weee! Amekwisha wapi? Alikimbilia kwa Bata. Huko akamkuta Kirusi wa ukoo mwingine, wakabadilishana nguo. Tembe alikuwa akichungulia uani. Akaokota kipande kilichochanika cha ile kanzu mpya ya Kirusi, ya kijani. Kitambaa kitupu, hakina mchoro, hakishoni mtu. Akawapelekea Siafu: "Nuseni. Kesho atakuja na hii."

Mara ya tatu Kirusi akabisha hodi, kanzu ya kijani, madaha tele.

"Mgeni huyo!" Bata akasema. "Siku mbili, ya..."

"Shikamoo, mzee, lakini koma!" Tembe akamkata. "Kwako analala, kwetu anaua!"

Siafu hawakungoja. Wakamrarua Kirusi na karatasi yake palepale kizingitini.

Kisha Tembe akamwekea Bata jembe miguuni. "Mgeni wako ametujia mara mbili, mzee. Leo ya tatu. Kajenge banda lako ng'ambo ya mto."

Bata akalibeba, akavuka mto.

Basi wenzangu, asiyeumwa asimwamulie anayeumwa. Na adui hubadili kanzu, mfunze mlinzi kabla hodi haijapigwa.

Hadithi yangu naikunja kama kitambaa. Atakayeikunjua kwake, anawe mikono kwanza!