Majirani wa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Ungamani, palikuwa na Sultani Bwana Shee, aliyependa usingizi wa mchana kuliko haki. Akapiga marufuku kutwanga tangu adhuhuri hata magharibi, ikawa mji unakula usiku, watoto wamekwisha kulia wakachoka.

Siku moja akamtuma Waziri Twalibu awaulize raia kama wampenda. Waziri akazunguka na askari wenye panga, akarudi na habari njema: wote wampenda, hata bubu wa sokoni alijibu ndiyo.

Lakini asubuhi ya pili ukakutwa mchi langoni pa kasri, umevishwa kilemba kama cha Sultani. Kheri Viraka, fukara ambaye kanzu yake ilikuwa viraka vitupu, akapita, akauinamia: "Shikamoo, Seyyidina!" Watu wakaangua kicheko, naye akaburutwa barazani.

"Kama wote wanipenda," akasema Sultani, "mchi ule umevishwa na nani? Nenda mlango kwa mlango, uniletee wanichukiao. Ukirudi mikono mitupu, wewe ndiye, na kichwa sina budi kukikata."

Kheri akatoka. Kuwataja wenziwe hakutaka. Na kichwa chake, ijapokuwa hakikuwa na kitu cha maana, alikuwa amekizoea.

Basi akaanza kupiga hodi. Hakumwuliza mtu yaliyomo moyoni mwake, aliuliza, "Jirani yako asemaje juu ya Sultani?" Lo! Vinywa vikafunguka.

"Mimi nampenda, mwanangu," akasema Bi Nuru muuza maandazi. "Ila jirani yangu! Asema yule bwana amelala hata akili imeota ukungu."

Ikawa vivyo hivyo mji mzima. Kheri akarejea barazani, akapiga magoti.

"Seyyidina, hakuna akuchukiaye. Kila niliyemwuliza akupenda. Wanaokuchukia ni majirani."

"Wasemaje?"

"Wasema wewe ukilala, njaa huamka."

Sultani akaruka kitini. "Wakamateni majirani wote!"

Askari wakashika kamba, wakasimama. Mkubwa wao akajikuna. "Bwana wetu, tuanze na nani? Hata sisi tu majirani wa watu."

"Anzeni karibu," akasema Kheri. "Mlango wa kwanza nilioubisha ni wa Waziri. Naye alisema, 'Mimi nampenda, ila jirani yangu hukoroma mchana kutwa, nami nashinda na njaa.' Na nyumba ya Waziri, upande huu ni kasri, upande huu ni makaburi."

Waziri akatazama dari.

"Maiti hawakoromi," Sultani akasema polepole. "Basi nifungwe mimi?"

"Amri umekwisha toa, Bwana. Mimi si askari."

Sultani akamkazia macho, kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka hata machozi yakamtoka. Palepale akafuta marufuku, akaamuru Kheri apikiwe pilau.

"Na tangu leo," akasema, "wewe ndiwe muulizaji wangu, kwa mshahara."

"Hapana, Seyyidina. Nikila mshahara wako, watanijibu kama walivyomjibu Waziri."

Sultani akacheka tena, safari hii kidogo. Kheri alipoona kicheko kimepungua, akabeba sinia lake la pilau akaenda zake, na hekaya ikakomea hapo, wali ukingali wa moto.