Mlango wa Banda la Bibi Tupokigwe

Tulieni, enyi kusanyiko. Mama mwenye mtoto na amnyonyeshe, mzee mwenye kikohozi na akohoe sasa, kisha pawe kimya. Kwa maana leo shauri linaletwa mbele yenu, nanyi ndio mtakaolikata.

Hapo zamani, katika kijiji cha milimani huko Rungwe, mahali ambapo mvua hunyesha kana kwamba habari za upinde wa Nuhu hazijafika, aliishi mjane aliyeitwa Bibi Tupokigwe. Binti yake wa pekee, Atupele, aliolewa mbali, na tangu harusi hakurudi. Bibi akabaki na kuku tisa na bata watano, akawaita wanangu. Alisema, "Wanangu wameshuka mtoni," na kila mtu akajua ni bata. Alisema, "Wanangu wameniaibisha kwa jirani," na kila mtu akajua ni kuku, wamefukua mbegu. Kijiji kizima kilimtania kwa neno hilo: "Shikamoo, Bibi. Wanao wametaga?"

Jumapili moja, masika yakiwa yameanza, Bibi alisimama kanisani wakati wa matangazo.

"Wapendwa," alisema, "wanangu hawana pa kulala. Nyumba yangu mnaijua: mvua ikinyesha nje, ndani nako inanyesha. Naomba makao, hata yawe madogo. Atakayewapa wanangu makao nitamshukuru kwa kumpa Esta."

Esta alikuwa bata wake mweupe, aliyepewa jina hilo kwa mwendo wake wa kimalkia. Kusanyiko likacheka kwa upendo, likasema amina.

Lakini wiki ile Bibi alikuwa amepata barua. Kwa kuwa hakujua kusoma, Mwalimu Lugano alimsomea: Atupele amefukuzwa na mumewe, anarudi Jumamosi na watoto wawili. Bibi akamwapisha Mwalimu asimwambie mtu, maana kwa miaka saba alikuwa amejisifia ndoa ile mbele ya akina mama wote wa kanisa. Basi siku ile, mbele ya madhabahu, aliposema "wanangu" alimaanisha wanawe wa damu, Atupele na wajukuu. Neno lilikuwa la kweli, naye akajificha nyuma yake kama Adamu nyuma ya majani.

Jumatatu wakaja watu watatu. Mzee Mwakifuna, mzee wa kanisa, alileta mabati sita. Fundi Ambilikile alileta mianzi, mabanzi na msumeno wake. Mwalimu Lugano alileta karatasi aliyoiandika juu kwa herufi kubwa: MAKAZI YA GHARAMA NAFUU YA KUKU NA BATA.

Bibi alimwona Fundi akimpima bata kwa futi. Akafungua kinywa aseme; akawaletea chai. Jumanne akafungua kinywa tena, akawaletea viazi. Jumatano mara ya tatu. Na jogoo wake akawika, lakini Bibi akawaletea ndizi.

Nao walijenga kwa bidii ya wale waliojenga hekalu. Chini, sakafu ya mawe kwa ajili ya bata, wapendao maji. Juu, fito za kulalia kuku. Pembeni, sehemu pana ya viota, imemwagiwa maranda makavu. Neno moja tu liliwagonganisha.

"Mlango uongezwe urefu, mkono mmoja," alisema Mwalimu.

"Kwa bata yupi huyo, Mwalimu?" Fundi aliuliza. "Huyu wa kuvaa kofia?"

"Uongeze tu, ndugu yangu."

Mzee Mwakifuna alicheka hadi akashika ubavu. Mlango ukaongezwa.

Jumamosi mchana Mchungaji alikuja kuliweka wakfu banda. Kabla wimbo wa kwanza haujaisha, mvua ilishuka. Na katika mvua hiyo akapanda mlima Atupele, mtoto mgongoni, mtoto mkononi. Aliingia nyumbani kwa mama yake, akaona sufuria nne zikikinga maji na kitanda kimelowa. Akatoka. Akatazama huku na huku, akaona mlango, akainama kidogo, akaingia bandani, akawalaza wanawe juu ya maranda.

"Binti," Mzee Mwakifuna aliita, "hapo ni pa kuku!"

"Najua, baba," Atupele alijibu. "Ndiyo maana ni pakavu."

Kila Krismasi watu wale walikuwa wamemwimbia kwa machozi mtoto aliyelazwa katika hori. Siku ile hakuna aliyekumbuka hata ubeti mmoja.

"Hao ndio wanangu," alisema Bibi Tupokigwe, naye amemkumbatia Esta kifuani.

Wakainamisha vichwa. Toba yao ilidumu kwa muda wa kukohoa mara mbili.

"Hata hivyo," alisema Mzee Mwakifuna, "paa linalowakinga ni langu. Mabati yale yalikuwa ya jiko la mke wangu, naye hadi leo anapika akinyeshewa. Esta ni wangu."

"Mabati yako yamelala nyuma ya choo miaka minne," alisema Fundi, "hayajamkinga hata mjusi. Mikono iliyoyapandisha ni hii. Esta ni wangu."

"Ninyi mlijenga kwa ajili ya kuku," alisema Mwalimu. "Mimi peke yangu nilijenga kwa ajili ya mtu. Utazameni mlango. Esta ni wangu."

Fundi akamgeukia. "Kumbe ulijua! Ulijua, ukaniacha nampima bata? Ungeninong'oneza neno moja, kwa mabati haya haya ningeliziba paa la Bibi, watu wakalala nyumbani na kuku wakabaki kuku!"

"Niliapa, Ambilikile."

Ndipo sauti ya Atupele ikatoka bandani, ya chini, bila hasira. "Mama. Kwa nini hukulitaja jina langu?"

"Niliona haya, mwanangu."

"La bata ulilitaja."

Wakati huo kuku wote tisa walikuwa wamekwisha kuingia nyumbani, wamejipanga juu ya kitanda chake, na mtoto mdogo bandani akaanza kulia kwa njaa.

"Bibi," alisema Mchungaji kwa upole, "uliweka nadhiri mbele za Mungu. Mtoe Esta, apewe anayestahili."

Bibi Tupokigwe akasimama mvuani, bata mkononi, akamtazama mmoja baada ya mwingine.

Je, nani alistahili? Aliyetoa akimnyima mkewe? Aliyejenga bila kuuliza? Aliyejua akanyamaza, akaongeza mlango? Au Esta aingie chunguni kwa ajili ya mtoto yule, na watatu wale waende zao mikono mitupu?

Kateni shauri, enyi kusanyiko. Lakini wewe uliyekwisha kuinua mkono ujibu, ushushe kwanza. Inuka, nenda kwa jirani uliyezoea kumcheka, umwulize wanawe ni akina nani. Na ukiwa wewe ndiwe mwenye haya, litaje leo jina la mwanao, kabla mvua haijamtangulia mlangoni.