Sufuria ya Maharage Kileleni

Isome mpaka mwisho kabla hujaitupa kwenye kundi la ukoo. Si ndefu, na haina muujiza.

Palikuwa na sayari moja ndogo, ndogo kiasi kwamba mvuto wake ulitosha kuwashikilia watu tu, tena kwa shida. Ukirusha jiwe juu, ulipata nafasi ya kukohoa kabla halijarudi. Watu wake waliishi mlimani, mahali palipoitwa Kileleni, na walijivunia wepesi wao. Chini kabisa kulikuwa na bonde lenye joto na ukungu, walikoishi Wabondeni. Mtu wa Kileleni hakushuka huko hata kwenda kuzika. Njia ilikuwa moja, ina lango, na ufunguo wa lango alikaa nao mfalme.

Mwanamke mmoja wa Kileleni, jina lake Sikudhani, alikuwa mwalimu wa mambo ya anga. Alijua jambo ambalo wenzake hawakutaka kulijua: hewa ilikuwa inaondoka. Zamani, ndani ya tumbo la sayari ile, kulikuwa na chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho kilipotembea ndicho kilichoizungushia sayari ngao ya sumaku, na ngao ndiyo iliyozuia upepo wa jua. Sasa chuma kilikuwa kimepoa, ngao imekufa, na upepo wa jua ulikuwa ukiiparua hewa kidogo kidogo. Mvuto dhaifu haukuwa na ubavu wa kuing'ang'ania. Kwa kawaida jambo hili huchukua mamilioni ya miaka. Hadithi haina subira hiyo.

Angeweza kukaa kimya, kama walivyokaa wasomi wenzake waliokwisha kupewa viti barazani. Lakini alikuwa na binti, Mwanahawa. Mtoto wa kwanza wa Mwanahawa alizaliwa na midomo ya bluu, na hakumaliza siku. Sasa Mwanahawa alikuwa mjamzito tena, na mwezi wake umefika. Bondeni hewa ilikuwa bado nzito. Sikudhani alitaka kitu kimoja tu: lango lifunguliwe kabla binti yake hajajifungua.

Akaenda barazani.

"Mtukufu Mfalme, hewa inatuishia. Tushuke."

Mfalme akamtazama kwa upole. "Leo jua limechomoza, mwalimu?"

"Limechomoza, Mtukufu."

"Kwa wakati wake?"

"Kwa wakati wake."

"Basi kilichoharibika ni nini?"

"Kuzunguka hakuhitaji hewa, Mtukufu. Hata sayari iliyokufa hujizungusha, na jua huichomozea kama kawaida."

Baraza likacheka, kicheko cha kupumzika katikati ili kutafuta pumzi.

"Mwalimu anatutisha bure," akasema Waziri Dadi, msemaji wa mfalme. "Siku hizi maji yanachemka kabla mpishi hajakaa kitako. Kuni tumeokoa. Chai unaipokea ingali inatokota, unaimeza, ulimi hauungui. Enzi za wafalme waliopita nani aliyaona maendeleo haya?"

"Yanachemka upesi kwa sababu hewa inayoyakandamiza imepungua," akajibu Sikudhani. "Yanachemka kabla hayajapata moto. Mheshimiwa, mara ya mwisho ulikula lini maharage yaliyoiva?"

Waziri akajipapasa shavu. Upande huo alikuwa amebakiwa na meno machache.

Mfalme akafikiri. "Tutajaribu," akasema. "Sikukuu ya mwaka mpya imekaribia. Maharage ya sikukuu yakiiva, utanyamaza. Yasipoiva, lango nitalifungua kwa mkono wangu."

Kila mwaka mpya, Kileleni walipika sufuria moja kubwa ya maharage uwanjani. Mfalme alionja wa kwanza, akasema, "Yameiva." Kisha kijiko kilizunguka, na kila aliyetafuna alisema vilevile. Lilikuwa neno la heri. Hakuna aliyelichukua kama habari.

Sikudhani alirudi nyumbani akiwa karibu kufurahi. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa imekubali kupimwa kwa kitu kinachotafunika. Maharage hayana waziri, alijiambia. Hayajui kumpendeza mtu.

Siku ilipofika, sufuria ilikaa motoni tangu alfajiri hadi jioni. Maji yalichemka kama yamepagawa. Watu walijikunyata ndani ya mablanketi, na juu yao nyota zilionekana ingawa jua lilikuwa halijatua, kwa sababu anga lilikuwa limebaki jembamba hivyo.

Mfalme akachota, akatafuna. Akatafuna sana. Kisha akamwinamia Sikudhani.

"Ni mabichi, mwalimu," akanong'ona. "Mawe matupu. Nimelijua hilo tangu mwaka juzi."

"Basi fungua lango, Mtukufu."

"Nikishuka bondeni nitakuwa mtu tu. Huko wana mfalme wao."

Akanyoosha mgongo, akawageukia watu. "Yameiva."

Kijiko kikazunguka. Waziri Dadi alitafunia upande uliobaki na meno, machozi yakamlengalenga. "Yameiva." Wasomi wakafuata, mmoja wao akaona aongeze, "Yameiva kwa kiwango kinachokubalika." Wakafuata mafundi, wakunga, wauza mboga. Kila mmoja alisema yameiva, na meno ya kila mmoja yalilia kru, kru, kama mtu anayekanyaga kokoto.

"Jamani," akasema Sikudhani, "mnajisikia mnavyotafuna?"

"Kaa chini, mwalimu," mtu akamwambia. "Usituharibie sikukuu."

Mwisho kijiko kikamfikia Mwanahawa. Hapo mfalme akainua mkono.

"Huyu ndiye mwenye haja kuliko sisi sote," akasema kwa sauti ya baba. "Akisema ni mabichi, nafungua sasa hivi."

Sikudhani akaacha kupumua. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mfalme, hatua chache tu kutoka hapo, na neno lililohitajika alikuwa nalo mwanawe mwenyewe.

Mwanahawa akatafuna. Taya lilimuuma, kila mtu aliona. Akamtazama mumewe. Akamtazama mama mkwe, aliyekuwa amevaa nguo yake bora. Akameza.

"Yameiva," akasema.

"Mwanangu."

"Mama, unataka nikajifungulie kwa Wabondeni?" Aliuliza taratibu, bila hasira. "Mwanangu akaitwe mtoto wa huko, maisha yake yote? Yameiva kiasi. Twende nyumbani."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Mfalme alimtazama Sikudhani bila ushindi wowote usoni. Alikuwa anawajua watu wake tangu mwanzo. Ndiyo maana hakuona hatari ya kumpa yule binti nafasi ya kuchagua.

Uchungu ulimshika Mwanahawa kabla mapambo ya sikukuu hayajaondolewa. Akazaa mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Mtoto akafumbua kinywa, akakunja uso, akatetemesha vidole. Mkunga aliyekuwa upande wa pili wa chumba hakusikia kitu. Sauti nayo husafiri kwa hewa, na sauti changa kama ile haikuweza kufika mbali kwa hewa iliyobaki.

"Mama," Mwanahawa akauliza kitandani, "mbona halii?"

Sikudhani alikuwa amelaza sikio juu ya kinywa cha mjukuu wake.

"Analia," akasema. "Analia sana."

Akabaki hapo, sikio palepale, hata baada ya mtoto kuacha.

Funzo: Ukisema bichi limeiva ili usiaibike mbele ya watu, gharama hutaibeba wewe. Ataibeba aliye mdogo kuliko wote, na hutamsikia akilia.