Ukucha wa Mpima Mizani

Haya, nikopesheni masikio!
— Chukua!
Nikiyarudisha yamejaa?
— Tutakusifu!
Nikiyarudisha matupu?
— Tutakuzomea!

Basi tulieni. Hadithi hii mji mzima naijua mimi peke yangu. Aliyenihadithia alikufa kwa wivu aliponisikia naisimulia vizuri kuliko yeye.

Kale, kale sana, mwezi ulipokuwa bado unashuka kuomba moto kwa majirani, palikuwa na mji wenye soko kubwa na mfalme mkali. Mfalme alikuwa na jiwe la shaba la kupimia. Kila mwaka, kabla mwezi wa sikukuu haujaandama, wachuuzi walileta mizani zao zikaguliwe. Kitanga hiki jiwe la mfalme, kitanga kile jiwe la mchuuzi. Vikilingana, salama.

Visipolingana? Hukumu bado! Maana mti wa mizani huvimba kwa mvua, kamba hulegea, na mizani isiyokosea hata chembe haijazaliwa. Mpimaji wa mfalme alichota mtama, kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba chake, akaumwaga kwenye kitanga chepesi. Kikishuka kikalingana na mwenzake, kosa ni dogo, limesamehewa, mizani inapigwa chapa ya moto. Kikibaki juu, huo ni wizi. Mti unavunjwa gotini, unalia kaa!

Mpimaji mpya aliitwa Mbwarali. Yule wa kabla yake alipitisha mizani moja ya uongo, mfalme akaupigilia mlango wake misumari, yeye na wanawe wakaenda kulala vichakani na fisi. Mfalme akamwambia Mbwarali:

"Ukipitisha mizani ya mwizi, napigilia mlango wako. Na sikukuu ikifika soko halina mizani, napigilia vilevile. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana mkubwa."

Alisikia mpaka tumboni. Tangu siku ile akaanza kutafuna kucha. Alizitafuna akingoja uji, alizitafuna akinywa uji. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, samaki nimekaanga. Mbona unajila mwenyewe?"

Akaja muuza tende. Kitanga kikainama kidogo. Mbwarali akachota mtama, ukucha ukashika punje chache, akamwaga. Kitanga kikagoma.

"Mwizi!" Kaa!

"Mwizi mimi? Mizani hii alipimia babu yangu!"

Mbwarali akaingiza kidole mdomoni, akatafuna tena. Akaja muuza asali. Ukucha ukashika punje chache kuliko za kwanza. Kitanga kikagoma. "Mwizi!" Kaa!

Akatafuna tena. Akaja Bi Mize, muuza chumvi, bibi kizee mwenye macho ya mwewe. Mbwarali akajiuliza: Hata Bi Mize mwizi? Na nikiwavunjia wote, sikukuu watapimia nini? Akachota mtama, punje zote zikaporomoka chini. Ukucha haukuwepo.

Bi Mize hakutazama mizani. Alitazama kidole.

"Mjukuu wangu, mizani yangu imelowa. Niachie ikauke, nitaileta siku ya mwisho."

"Nenda, bibi, nenda!" Wenzangu, mtu mwenye hofu ukimwambia ngoja, hufurahi kama umempa mbuzi.

"Basi nipe mkono."

Akapapasa kikapuni mwake, kisha akaishika mikono ya Mbwarali yote miwili, akaikamua kama nguo ya kufua. Kumbe viganja vya bibi vimepakwa shubiri, ileile akina mama wanayopaka titi wakitaka kumwachisha mtoto! Nyinyi nimewaambia. Yeye msimwambie.

Mbwarali akatia kidole mdomoni. "Tuu! Mke wangu, nyongo imepanda mpaka vidoleni! Nakufa!"

"Nawa mikono, ule."

Akanawa, bado chungu. Akasugua kwa majivu, bado chungu. Na kila siku Bi Mize alipita kumjulia hali, mkono kwa mkono. Mhunzi akigonga chuma, Mbwarali alijua ni misumari ya mlango wake. Akainua kidole, akakumbuka uchungu, akakishusha. Akainua, akashusha. Mwezi ukapungua, ukawa mwembamba kama kipande cha kitunguu. Kucha nazo zikaota, yeye hata habari hana.

Siku ya mwisho mfalme akaja sokoni, nyuma yake mtu wa nyundo. Bi Mize akatangulia. Kitanga kikainama. Mbwarali akachota mtama. Lo! Ukucha ukaubeba kama sinia. Akamwaga. Kitanga kikashuka, kikatetemeka, kikalingana. Chapa! Muuza tende na muuza asali wakaleta mizani zao, wamezichongea miti mipya. Chapa! Chapa!

Akaja Sufiani, muuza nyama, aliyejificha muda wote. Mtama ukamwagwa. Kitanga kikabaki juu kama jogoo juu ya paa.

"Ongeza, kaka! Wenzangu umewajazia!"

"Nimekujazia kama wao," akasema Mbwarali, akaupiga mti gotini. Kaa! Kumbe mti una tundu, na kutoka ndani yake vikamwagika vijiwe.

Mfalme akakunja uso. "Mwanzo wote walikuwa wezi, leo mmoja tu. Mpimaji, ulinidanganya lini?"

Mtu wa nyundo akasogea. Mbwarali akatazama kidole chake, akaelewa.

"Bwana mkubwa," akasema Bi Mize, "wachuuzi ni walewale. Kilicholiwa ni ukucha wa kupimia mizani zao. Mtu umemtishia mbele, umemtishia nyuma, ale nini? Nimemwachisha kwa shubiri."

Soko zima likavunjika mbavu, hata mtu wa nyundo akaiweka chini nyundo. Mfalme peke yake hakucheka. Alikuwa anaingiza mikono yake ndani ya joho, polepole, kucha zake zisionekane.

Bi Mize alimwona. Akasogea, viganja wazi.

"Na wewe bwana mkubwa, nipe mkono nikuamkie."

Haya, masikio yenu hayo, nayarudisha! Yapimeni!
— Yamejaa!
Na yakipungua kidogo?
— Mtama wa ukucha, tumekusamehe!