Kichupa Nilichokiinua Dirishani

Chupa tupu haimdanganyi mgonjwa.

Mmeisikia leo msibani kwa Mzee Mihayo, wajukuu zangu, na wewe Wande umeniuliza njia nzima ni wahenga gani walioitunga. Haikutoka kwa wahenga. Ilitoka katika kabati langu la dawa. Miaka thelathini nimeisikia harusini, kwenye vikao vya shule, hata kanisani, na kila mara nimeinamisha uso. Kaeni niwaambie ilivyoanza.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati yetu hii ya Itundu, peke yangu. Watu wa hapa ni warina asali, na nyuki wetu hawana utani. Wengi wakiumwa huvimba kidogo, wakachekana. Lakini wapo ambao miili yao haiiwezi kabisa sumu ya nyuki. Koo linaziba, pumzi inakatika, na mtu anaweza kufa kabla ugali haujaiva. Kwa ajili ya hao nilikuwa na vichupa vitatu vya dawa ya sindano kwenye rafu ya juu. Na juu ya kabati nilitundika cheti nilichopewa na wilaya, cha zahanati isiyokosa dawa. Nilikipenda cheti kile kupita kiasi. Kila Jumatatu nilikifuta vumbi.

Mihayo alikuwa mmoja wa hao. Mwaka mmoja nyuma aliumwa na nyuki wawili tu akazimia, nikamwokoa kwa sindano. Tangu hapo akaacha kwenda msituni, akabaki nyumbani kuwachongea wenzake mizinga. Wenzake nao hawakumwacha apumue. Walimwita mpishi asiyeonja.

Basi, majuma matatu kabla ya msimu ukaja waraka. Ulisema vichupa vya toleo fulani huenda vimepungua nguvu. Vyote virudishwe wilayani, na vipya vitaletwa vikipatikana. Nikatazama namba zilizoandikwa kwenye vichupa vyangu. Vyote vitatu vilikuwa vya toleo hilo.

Niliukunja waraka nikauficha chini ya daftari. Kuvirudisha maana yake ni kuandika “haipo” katika daftari ambalo halijawahi kuandikwa neno hilo, tena msimu wa asali ukiwa mlangoni. Nikajiambia, heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali nzuri hiyo, ila siku ile niliitumia kufunika kiburi changu.

Unasemaje, Wande? Dawa dhaifu si bora kuliko kukosa kabisa? Ndilo swali nililojiuliza, mjukuu wangu, na hata leo jibu lake silijui vizuri. Pengine kuvishika hadi vipya vije lisingekuwa kosa. Lakini mwenye koo lake alipaswa kuulizwa. Mimi nilijijibu peke yangu.

Siku ya kwanza ya kurina, asubuhi, Mihayo akaja dirishani.

“Habari za kazi, Nesi.”

“Nzuri, Mihayo.”

“Ile dawa yangu ipo? Maana kama ipo, leo naongozana na wenzangu.”

Nikafungua kabati. Nikatoa kichupa, nikakiinua dirishani akione.

“Ipo,” nikasema.

Alicheka kama mtoto aliyeruhusiwa kwenda mnadani, akaondoka akikaribia kukimbia.

Saa nane mchana walimrudisha wamembeba ndani ya blanketi. Uso ulikuwa umevimba, macho hayaonekani. Nikamchoma dawa ya kichupa cha kwanza, nikasubiri. Hakuna kitu. Cha pili. Mkewe Kalekwa, aliyekuwa amemwinua miguu kama nilivyomwagiza, akaniuliza, “Nesi, mbona mwaka jana alifumbua macho mara moja?” Nikachukua cha tatu. Baada ya cha tatu pumzi ilirudi, nyembamba mno. Kama si gari la mnunuzi wa asali lililopita wakati ule, tungemzika. Lilitukimbiza hadi hospitali ya misheni, na huko walikuwa na dawa ya toleo jingine. Mihayo akapona.

Siku ya tatu nilikaa kando ya kitanda chake. Kalekwa alikuwa ametoka kufua.

“Mihayo,” nikasema, “ile dawa nilikuwa nimeambiwa niirudishe.”

“Uliambiwa lini?”

“Majuma matatu kabla hujaniuliza.”

“Na nilipokuuliza, ukanionyesha.”

“Nilikuonyesha.”

“Ungesema haipo, Nesi, ningerudi kwenye mizinga yangu. Nisingekasirika hata kidogo.”

Afadhali angenitukana. Niliporudi nilikiteremsha kile cheti, nikaandika “haipo” kwenye daftari, na kichupa kimoja kitupu nikakiacha palepale rafuni ili kinisute.

Msimu uliofuata dawa mpya zilikuwa bado hazijaletwa. Foleni ilikuwa ndefu asubuhi ile Mihayo aliposogea dirishani akauliza vilevile, “Nesi, ile dawa yangu ipo?”

Nikakitoa kile kichupa, nikakiinua mbele ya watu wote.

“Haipo, Mihayo. Hiki ni kitupu.”

Akakitazama kichupa, kisha akanitazama mimi.

“Ahsante, Nesi. Chupa tupu haimdanganyi mgonjwa.”

Akageuka, akarudi kwenye mizinga yake. Watu wa foleni wakaangua kicheko wakidhani anaitania zahanati. Jioni msemo ulikuwa umefika sokoni, na mimi nilikuwa nimelia nyuma ya jengo hadi kitambaa changu cha kichwa kikalowa. Hakumweleza mtu maana yake. Hata mkewe hakumwambia, maana leo, mbele ya waombolezaji wote, Kalekwa amenishika mikono miwili akanishukuru kwa kumpa mumewe miaka thelathini ya kuishi. Nami nikaitikia. Mmenisikia wenyewe nikiitikia, “Tumshukuru Mungu.”

Wande, nipe fimbo yangu. Jua bado lipo, na kwa Kalekwa si mbali. Zile shukrani sikustahili kuzipokea, nakwenda kuzirudisha. Akinifukuza, mtanisindikiza nyumbani. Mihayo alinistiri hadi kaburini, lakini mjane wake hajawahi kuambiwa alichomwa nini mumewe siku ile, na amenitazama machoni akaniamini kama mumewe alivyoniamini pale dirishani.

Twendeni. Chupa tupu haimdanganyi mgonjwa.