Kwa Nini Mbwa Hutuletea Kinywa Usoni

Mbula, usimsukume kwanza huyo mbwa. Najua amekulamba mdomo, najua unasikia kinyaa, na karanga zote tulizobambua tangu mchana sasa zina mate yake. Futa uso, sogea hapa na wenzako. Nitawaeleza kwa nini anafanya hivyo, ila nawaonya mapema kwamba katika kisa hiki kila mtu amechanganyikiwa, mbwa mwenyewe akiwemo. Mimi nilikipata kwa shangazi yangu, naye alikuwa akifika katikati anasimama, anajikuna kichwa, kisha anaendelea.

Hapo kale mbwa hakulala uani. Alilala ndani pamoja na watu, aliongea kama watu, na alikula walichokula watu. Wazee wetu wa huku walikuwa warina asali na wawindaji, nao walikuwa na desturi yao ya kumheshimu mtu: mheshimiwa hatafunishwi. Vitu vigumu ni vya vijana wenye meno ya kuchezea. Mgeni, mkwe na mzee walipewa ugali uliolainishwa kwa mchuzi, minofu iliyochambuliwa vizuri, na asali ikamiminwa juu. Mbwa ndiye aliyekuwa akileta nyama nyumbani, kwa hiyo naye alitengewa vya heshima. Mifupa ilitupwa mbali kwenye vichuguu, ikawa ya Fisi. Kumpa Mbwa mfupa kungekuwa sawa na kumwandalia mkweo ukoko.

Walikuwa na desturi nyingine tena. Asubuhi hakuna aliyemsalimia mwenzake kabla ya kupiga mswaki. Kila mtu alikuwa na kijiti chake, amekichomeka kwenye nyasi za upenu mahali anapopajua mwenyewe, na kugusa cha mwenzako ilikuwa ugomvi. Watu walitoka nje kimya, wakasugua meno, wakasukutua, ndipo ungesikia "Mwangaluka, mwangaluka" ikizunguka ua mzima. Mbwa yeye aliwasalimia wakiwa bado wamelala. Hakuna aliyeona ajabu. Kwani angeshikia kijiti mikono gani?

Basi palikuwa na mwindaji aitwaye Mihayo, akikaa na mkewe na mama yake mzazi, Nyamizi. Mwaka mmoja, baada ya kurina asali nyingi kuliko kawaida, nyumba yao ilianza kunuka. Walisema ni panya amefia mahali. Wakatoa vyungu, wakatoa ngozi zikaanikwa juani, wakaezua upande mmoja wa paa. Wakakuta ndege amekauka kwenye nyasi, wakafurahi kweli, wakamtupa na kuezeka upya. Jioni harufu ikarudi.

Harufu hiyo ilikuwa na tabia ya kuchanganya akili. Mchana ilitoweka, jioni ikaingia ndani na kukaa karibu na moto. Mchana Mbwa alikuwa porini na Mihayo, na jioni alirudi kulala karibu na moto, lakini mambo hayo mawili hakuna aliyeyaweka pamoja. Msiwacheke. Mtu unayempenda humdhanii haraka.

Katikati ya hayo akaja baba mkwe wa Mihayo kutembea. Kwa heshima alikalishwa karibu na moto, Mbwa miguuni pake. Harufu ikapanda, na nyumba nzima ikamtazama mzee wa watu. Sasa utamwambiaje mkweo kwamba ananuka kinywa? Afadhali uichome nyumba moto. Walichofanya ni kumwekea mswaki mpya mlangoni kila asubuhi, wakitumaini ataelewa. Mzee hakuelewa. Alirudi kwake kabla ya siku alizopanga, fungu zima la miswaki kwapani, akimuuliza kila aliyekutana naye njiani kama kuna desturi mpya huko kwa Mihayo. Na harufu ilibaki palepale.

Mihayo akajenga nyumba nyingine. Walipohamia, harufu ikahama nao. Hapo ndipo walipoanza kuogopa.

Huko porini nako mambo yaliharibika. Mbwa alikuwa akimkimbiza pongo, anamkamata mguu vizuri, halafu anamwachia. Akikamata tena, anaachia tena. Mihayo alibaki amesimama na mkuki wake kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Mbona umemwachia?"

"Mm, ameteleza," Mbwa alijibu akiwa amefumba mdomo. Siku hizo hakupenda kuufungua, maana upepo ukiingia tu maumivu yalimpanda hadi sikioni. Mwenyewe hakujua ana nini. Alidhani ni nyuki waliomuuma siku ya kurina. Harufu aliisikia kama wengine, na kama wengine aliamini ni ya nyumba.

Siku moja Mbwa alitangulia nyumbani, na Mihayo akirudi mikono mitupu alipita karibu na vichuguu, mbele ya pango la Fisi. Akasikia harufu. Akasimama, akanusa tena. Ni ileile ya nyumbani kwake, harufu ya nyama iliyooza. Aliona kila kitu sasa: Mbwa amefanya urafiki na Fisi, anakula naye mizoga kwa siri, na wanyama anawaachia makusudi ili rafiki yake awamalizie. Alikosea, lakini angalieni jinsi kosa lenyewe lilivyokaa sawasawa. Ningekuwa mimi ningeamini pia.

Jioni ile alimsimamisha Mbwa katikati ya ua.

"Nimekulea ndani ya nyumba yangu. Niambie kweli, unakula kwa Fisi?"

Mbwa akatikisa kichwa.

"Fungua mdomo unijibu!"

Mbwa hakufungua. Alitaka, lakini alipojaribu maumivu yalimzuia, akatoa mguno tu, akainamisha kichwa. Mihayo akauchukua mguno huo kuwa ndiyo. Akasema Mbwa ale chakula chake cha mwisho, kisha aondoke, akakae porini na huyo rafiki yake. Alisema akilia, maana alimpenda. Na wote walijua maana yake: mbwa asiyeweza kung'ata, akitupwa karibu na pango la Fisi, hafiki asubuhi.

Nyamizi hakubishana na mwanawe mbele ya watu. Aliingia jikoni akaandaa chakula cha kumuaga Mbwa kwa heshima zote, ugali laini kabisa, na asali akaimimina mpaka ikafurika kwenye sahani. Alipiga magoti mwenyewe akamwekea. Mbwa hakuwa na njaa, ila hakutaka kumvunjia mama heshima. Akalamba kidogo. Asali ikapenya kwenye jino bovu, na Mbwa akabweka kwa uchungu, kinywa wazi, usoni kabisa mwa Nyamizi.

Nyamizi alikaribia kuanguka. Akaziba pua, kisha akaita.

"Mihayo! Mwanangu, njoo hapa. Harufu ya nyumba yako iko humu."

Wakamlaza kwenye mwanga wa mwisho wa jua, wakainua midomo yake. Ukoga mzito ulikuwa umeyafunika meno yote, wa manjano mbele na wa kahawia nyuma. Ufizi ulikuwa umevimba, mwekundu, ukitoa damu ukiugusa tu. Gego moja lilikuwa limeoza likicheza mahali pake. Nyamizi alinyanyuka, akaenda upenuni, akachomoa kijiti, akarudi na kuanza kumsugua Mbwa meno.

"Mama, huo ni mswaki wako!"

"Ulikuwa wangu. Shika kichwa."

Mihayo akashika kichwa. Alipokuwa amekishika, na Mbwa akitetemeka mikononi mwake bila kumng'ata, aibu ilimjaa. "Nilikuwa nakupeleka ukafe," alimwambia, "kwa ajili ya jino." Gego likatoka, damu ikatoka, Mbwa akavuta pumzi ndefu akalala.

Siku zilizofuata wakaanza kujiuliza ataendeleaje. Walimpa kijiti ashike kwa makucha, akajichoma kaakaa. Wakampa kingine, akakimeza. Na jambo moja liliwatatiza zaidi: Fisi anakula uozo, ananuka mwili mzima, lakini meno yake ni meupe kama unga. Inakuwaje mla mizoga awe na meno, na mla asali aoze?

"Fisi anatafuna mifupa," Mbwa alisema. "Mifupa tunayomtupia."

Nyamizi akapiga makofi kwa mshangao. "Kumbe ni heshima yetu iliyokuozesha!"

Mihayo hakukubali upesi. Watu watasema nini wakimwona anampa mfupa anayeilisha nyumba yake? Mwishowe alichukua mfupa mbichi, maana uliopikwa huvunjika vipande vikali na kuchoma koo, akampa kwa mikono miwili akiwa ameinama, ili asije akaeleweka vibaya. Mbwa akautafuna mpaka ukoga ukapungua. Huo ndio ukawa mswaki wake. Na kwa kuwa upenuni hafiki, aliufukia ardhini mahali anapopajua mwenyewe. Akikungurumia ukiugusa usimwite mchoyo. Wewe mswaki wako ungempa nani?

Lakini mfupa haufiki kila mahali, Nyamizi aliliona hilo. Akamwambia, "Wewe huwezi kukitazama kinywa chako, na harufu yako umeizoea. Kila tukikutana niletee kinywa nikinuse, nikitazame. Kikiwa kibaya nitakusugua." Mbwa akaahidi. Mihayo naye akaahidi kukitazama na kukisugua, kwa niaba yake na watoto wake na watoto wa watoto wake. Shangazi alikuwa akisisitiza hapo: ahadi zilikuwa mbili.

Nini, Mbula? Mbona siku hizi haongei? Sijui. Labda alizoea kufumba mdomo. Shangazi naye nilimuuliza akasema hajui, na yeye hakuwa mtu wa kukubali kwamba hajui.

Na tangu siku hiyo, mbwa wote wa dunia hutafuna mifupa na kuifukia. Na kila ukirudi nyumbani, hata kama ulikwenda kisimani tu, mbwa wako atakurukia na kukuletea kinywa usoni. Yeye ahadi yake ameishika. Sisi yetu tumeisahau, tukadhani anatuchafua, tunamsukuma. Anasimama pale anatutazama, haelewi amekosa nini, na kesho anakuja kuuliza tena.

Haya, mwite arudi. Mshike taya taratibu, uinue mdomo wake hapo nyuma kwenye magego. Usigeuze uso. Tuambie unaona nini.