Mkia wa Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo amejibu na ugali mdomoni? Meza kwanza, mwanangu, hadithi haikimbii. Na ninyi wakubwa mliokaa nyuma, mnajifanya mnachambua mchicha, nawaona hamjibu. Haya, wote. Paukwa!

Pakawa!

Sasa ndiyo. Hapo zamani za kale, twiga walikuwa wanavaa hereni. Fisi alikuwa anatembea na chumvi yake kwenye kibuyu. Na huko mbugani palikuwa na msichana mmoja, ngiri, jina lake Mashavu. Alikuwa na mashavu, na juu ya mashavu vinundu, na juu ya vinundu manywele. Shingo hakuwa nayo. Kichwa kiliisha, mwili ukaanza.

Ngiri ni watu wa taratibu. Wakila, hupiga magoti. Wakiingia shimoni, huingia kinyumenyume, ili mgeni akija akutane na meno. Na wakikimbia, huinua mkia juu, twaa! umesimama wima na kishungi cheusi nchani. Nyasi za kule ni ndefu. Ukikimbia umeshusha mkia, anayekufuata hakuoni, na asipokuona anapotea. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla watoto hawajatoka, mama yake Mashavu alisimama mlangoni akauliza:

"Mkia wa nani?"

Nao watoto hujibu: "Wa aliye nyuma!"

Shikeni jibu hilo. Nitawauliza.

Mashavu alikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana, nungunungu, jina lake Chausiku. Macho ya Chausiku yalikuwa ya usiku. Mchana hayakumsaidia. Alisalimia visiki. "Shikamoo, babu," anakiambia kisiki, kisha anakasirika babu hakuitikia. Mchana Chausiku aliona vitu viwili tu: jua, na kile kishungi cheusi cha mkia wa Mashavu. Mashavu akienda kuchimba viazi mwitu, mkia juu, Chausiku nyuma. Mashavu akienda mtoni, mkia juu, Chausiku nyuma. Chaka-chaka-chaka, miiba inagongana, wanacheka njia nzima.

Sasa palikuwa na kichuguu kimoja kikubwa, na hapo ndipo vijana wenye majina walipokaa. Walijiita Wenye Shingo. Ukitaka kukaa hapo sharti uwe na shingo ya kuchungulia ng'ambo ya kichuguu bila kupanda. Mkubwa wao alikuwa Zuhura, binti wa twiga. Msaidizi wake alikuwa Fikirini, kijana wa mbuni, ambaye licha ya jina lake hakuwahi kufikiri hata siku moja. Wenye Shingo walikula majani ya juu, yale malaini. Yaliyodondoka waliyaita chakula cha wafupi. Mashavu akipita pale, anapita polepole, anajipinda atazamwe. Hakuna aliyemtazama. Walikuwa wanatazama mbali.

Siku moja hereni ya Zuhura ilidondoka. Pwiti! Ikaingia kwenye shimo refu alilochimba mhanga, yule mla mchwa. Zuhura akatanua miguu ya mbele. Hakufika. Akatanua tena. Hakufika. Akatanua mpaka magoti yakaanza kuombana msamaha. Hakufika. Fikirini akamshauri aingize kichwa shimoni, na kwa kumwonyesha akaingiza cha kwake, na kikakwama.

Mashavu akapita. Akapiga magoti, akatia pua, fuku-fuku-fuku! Vumbi likatulia, hereni hiyo juu ya pua yake. Halafu akamng'oa na Fikirini.

Zuhura akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe ni wa maana sana, shosti," akasema. "Unaitwa nani? Keshokutwa tuna karamu ya matunda, mang'ong'o, hapa kichuguuni. Njoo."

Mashavu alitaka kuruka. "Mimi? Na shingo yangu hii?"

"Tutafumba macho kidogo. Lakini ukikaa na sisi, usipige magoti unapokula, utatuaibisha. Huo mkia wako usiunyanyue, unaonekana wa kishamba. Na wale wafupi usiandamane nao."

"Hata mmoja?"

"Hata nusu."

Moyoni Mashavu aliona vibaya, nisiwafiche. Lakini aliwaza mang'ong'o, aliwaza kichuguu, aliwaza atakavyotazamwa. Akasema, "Sawa."

Fikirini akaleta kamba, akamfunga mkia pajani, fundo juu ya fundo juu ya fundo. Kufunga tu ndiko alikokuwa anajua.

Asubuhi mama akauliza, "Mkia wa nani?" Wadogo zake wote wakajibu. Mashavu akajifanya anakohoa.

Basi akaanza kukaa na Wenye Shingo. Shida ikawa kula. Mtu hana shingo, hapigi magoti, atakulaje? Mdomo uko huku, nyasi ziko kule. Alisimama wima anaziangalia nyasi, na nyasi zinamwangalia. Alipata jani moja lililomponyoka Zuhura mdomoni, nalo limetafunwa nusu. Tumbo likaanza: nguruuu! Wenye Shingo wakatazama mawinguni.

"Mvua?" akauliza Fikirini.

"Mvua," akasema Mashavu.

Siku ya karamu ikafika. Mang'ong'o yameiva, yananukia mpaka huku. Zuhura anachuma juu, Fikirini anameza mazima mazima, unayaona yakishuka shingoni, duku, duku, duku. Mashavu amesimama amenyooka, mate yanamtoka, mang'ong'o yamejaa miguuni pake na hawezi kuyafikia. Mara akasikia, chaka-chaka-chaka.

Alikuwa Chausiku. Siku mbili alikuwa anamtafuta, anagonga kila mti, anasalimia kila kisiki. Mdomoni alikuwa na kiazi mwitu kikubwa. Akakiweka chini.

"Hodi jamani. Mashavu yupo? Nimesikia tumbo lake tangu kule bondeni. Nikajua hajala."

Zuhura akainamisha macho. Kichwa hakukiinamisha, macho tu. "Mashavu, unamjua huyu?"

Mang'ong'o yakasubiri.

"Simjui," akasema Mashavu. "Labda amepotea."

Chausiku akainua uso. Akageukia ile sauti.

"Samahani," akasema. "Sauti zinafanana. Basi mkimwona huyo wangu, mpeni kiazi hiki. Mwambieni ale akiwa amepiga magoti, ndivyo anavyopenda." Akageuka, akagonga kichuguu, akakiomba radhi, akaingia nyasini peke yake.

Mashavu akakitazama kile kiazi. Ile njaa ya siku mbili ikakata yote. Alijisikia aibu mpaka vinundu vikawaka moto.

Wakubwa huko nyuma, mmenyamaza sasa? Mchicha umeisha?

Mara Zuhura akanyoosha shingo. "Fisi! Fisi huyo, nyasini! Na kibuyu cha chumvi!" Basi, kila mwenye miguu akaitumia. Fikirini alikimbia upande mmoja, akarudi, akakimbia upande mwingine. Zuhura akapiga hatua tatu, akawa mbali. "Kimbia na sisi, shosti! Usigeuke!"

Mashavu akakimbia. Hapo nyuma akasikia miiba, chaka-chaka-chaka, mbio mbio, na sauti ya Chausiku:

"Mashavu! Najua ni wewe, kwato zako nazijua! Sioni! Mkia uko wapi?"

Mkia wa nani, watoto?

Wa aliye nyuma!

Mashavu akafunga breki. Vumbi, vuu! Akataka kuikata ile kamba kwa meno. Lakini shingo iko wapi? Akageuka kuufuata mkia, mkia ukageuka naye. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara tatu. Akazunguka mpaka akaona fisi watatu, na fisi alikuwa mmoja. Fundo la Fikirini halitoki. Akajikaza, akabana pumzi, akafumba macho, akasukuma mkia kwa nguvu zote za ukoo wao.

Pwa! Kamba ikakatika. Twaa! Mkia ukasimama. Kishungi kikachomoza juu ya nyasi.

"Nakiona!" akapiga kelele Chausiku. "Kile pale! Nakiona!"

"Nifuate!"

Wakakimbia. Mkia mbele, miiba nyuma, Fisi nyuma ya miiba. Wakafika kwenye shimo la kina Mashavu. Mama na wadogo walikuwa mtoni. "Tangulia!" akasema Mashavu, na Chausiku akaingia. Ndipo Mashavu akageuka kwa heshima zote, akaingia kinyumenyume, meno nje.

Fisi akafika anahema. Akakaa mlangoni. Akafungua kibuyu, akamimina chumvi kiganjani, akaionja.

"Nani atatoka kwanza?" akauliza. "Sina haraka. Nimekuja na chumvi yangu."

"Rudi nyuma kidogo," akanong'ona Chausiku. "Atakufikia usoni."

Mashavu akarudi nyuma kidogo.

Sasa jamani, nyuma palikuwa na nini? Palikuwa na Chausiku. Na Chausiku alikuwa ameogopa. Na nungunungu akiogopa, miiba yote inasimama.

Chomo!

"MAYOOO!" Mashavu alitoka shimoni bila kukanyaga chini. Alimpiga Fisi kifuani, buu! Fisi kule, kibuyu kule, chumvi yote machoni. Fisi akapiga ukelele ambao hajauacha mpaka leo. Ukimsikia ukadhani anacheka, ujue hachekei kitu, ni chumvi. Aliruka kijiti, akaruka jiwe, akavuka mto, akapotea, na tangu siku ile akawa anakula bila chumvi.

Mashavu akalala kifudifudi. Makalio yamejaa miiba, hata pa kutua nzi hapakuwepo. Chausiku akaja nyuma yake akapapasa.

"Nitaing'oa mmoja mmoja," akasema. "Vumilia." Akashika wa kwanza. Pwa!

"Yalaaa!"

"Huu ni wa kusema hunijui."

"Nisamehe, Chausiku."

Pwa! "Huu ni wa kuniacha nyasini."

"Yalaaa! Nisamehe!"

Pwa! "Na huu ni wa kiazi changu, nimekichimba tangu alfajiri."

"Nilitamani kukila! Wallahi nilitamani! Nilikuwa na tamaa ya kutazamwa, nikakuacha wewe ambaye unanitazama mimi tu." Hapo Mashavu alilia, na haikuwa kwa ajili ya miiba.

Chausiku akapapasa kile kishungi. Kisha akasema, "Ulisimamisha mkia. Nimeuona." Akang'oa mwingine, safari hii polepole.

"Imebaki mingapi?" akauliza Mashavu.

"Sijui. Sioni."

Wakacheka mpaka iliyobaki ikaanza kutoka yenyewe.

Zikapita siku tatu. Mashavu na Chausiku wako mlangoni, Mashavu amepiga magoti anakula kiazi, na kukaa kwenyewe alikuwa bado hawezi. Kivuli kirefu kikaja. Ni Zuhura.

"Mashavu, shosti," akasema kwa sauti ndogo. "Hereni imedondoka tena. Katika kukimbia. Niko na sikio tupu. Njoo unisaidie."

"Nitakuja," akasema Mashavu. "Nitakuja sasa hivi, hereni ni yako na pua ni yangu, sioni tabu. Lakini kwanza mwombe radhi mwenzangu huyu uliyemwita nusu. Na shuka akusikie, hapo ulipo uko mbali."

Zuhura akatazama kushoto. Akatazama kulia. Wenye Shingo hawakuwepo. Akatanua mguu mmoja. Akatanua wa pili. Akashuka, akashuka, akatetemeka, akashuka, magoti yanalia kwe-kwe-kwe, mpaka pua yake ndefu ikagusa majani mbele ya Chausiku.

"Naomba radhi," akasema Zuhura.

Chausiku akasogea. Akasogea tena. Akapapasa kwa pua ile sura kubwa: kope, shavu, sikio lisilo na hereni. Akashangaa.

"Kumbe una uso!" akasema. "Siku zote nikikusalimia, nilikuwa nasalimia magoti."

Zuhura akacheka. Alicheka mpaka miguu ikateleza akakaa chini puu, na akiwa chini vile akaona mang'ong'o yaliyodondoka kutoka mti wa hapo mlangoni yamejaa majanini, matamu kuliko yale ya juu, yameiva hadi kupasuka. Hakuwahi kuyaona. Akakaa hapo hapo akala nao, watatu, na hereni ikatafutwa jioni.

Sasa nisikilizeni, wadogo kwa wakubwa. Ukipata wenye majina wa kukaa nao, kaa nao, hakuna ubaya. Lakini rafiki anayekutegemea usimkane mbele yao ili utazamwe. Na ukikimbia, inua mkia. Nauliza kwa mara ya mwisho, na nyuma kule nisikie: mkia wa nani?

Wa aliye nyuma!

Haya. Hadithi yangu imefika mlangoni, imegeuka, imeingia kinyumenyume, imekaa. Nanyi mkiingia kulala, angalieni kwanza nani yuko nyuma.